Geto Boys Si Kioo cha Jamii

Kama ningepewa mamlaka ya BASATA kwa siku moja, nisingefungia wimbo hata mmoja. Ningefungia sentensi: "msanii ni kioo cha jamii." Tumeikariri tangu sekondari, tumeijibia mtihani wa Kiswahili ("Fasihi ni kioo cha jamii. Jadili."), na tulipomaliza shule tukahama nayo mpaka redioni na kwenye magrupu ya WhatsApp. Leo msanii akiwatukana wanawake dakika nne mfululizo na akaulizwa kulikoni, jibu analo mfukoni: mimi nimeonyesha tu, jamii ndiyo ilivyo. Na yule anayemfungia naye ameshika kioo hichohicho, ila kakigeuzia upande wa pili: wimbo wako mchafu, kwa hiyo wewe mchafu, na anayekusikiliza atachafuka. Mwaka 2018 BASATA ilipofungia "Mwanza" ya Rayvanny na Diamond Platnumz, kioo kilitumika pande zote mbili. Wanagombana hadharani, lakini jambo la msingi wanakubaliana, kwamba hakuna mtu aliyekaa chini akatunga.

Sentensi hii nataka kuipeleka mahali ambapo watetezi wake wanajiamini kuliko kwingine kokote, yaani kwenye hip hop ngumu. Na humo naichagua albamu ambayo mashabiki wake hawachoki kuisifia kwa neno "uhalisia": Grip It! On That Other Level ya Geto Boys, iliyotoka mwaka 1989 chini ya lebo ya Rap-A-Lot, Houston, jimbo la Texas. Nyimbo 12. Bunduki, dawa za kulevya, polisi, matusi, wanawake wanaodhalilishwa na kuuawa, na wimbo wa mwisho, "Mind of a Lunatic", ambao mpaka leo kuna watu wazima wanashindwa kuumaliza. Mimi nasema ni moja ya albamu kubwa za hip hop ya Marekani, na si kioo cha kitu chochote. Kadiri tunavyong'ang'ania kuiita kioo, ndivyo tunavyoshindwa kuisifu inapostahili sifa na kuilaumu inapostahili lawama.

Tuanze na jamii yenyewe, maana kioo lazima kiwe na cha kuonyesha.

Fifth Ward ni mtaa wa Houston ambao watu weusi waliotoka utumwani walihamia baada ya uhuru kutangazwa Texas mwaka 1865. Miaka ya 1960 barabara kuu zikapasuliwa katikati yake, nyumba zikaondoka, majirani wakatengana. Katikati ya miaka ya 1980 bei ya mafuta ikaporomoka, na Houston, mji uliokuwa unakula mafuta, unalala mafuta, ukaporomoka nayo. Kazi zikaisha. Kokeini ya kuvuta ikaingia. Mtaa ulijulikana pia kwa jina la "Bloody Fifth", Fifth ya damu. Hayo yote ni kweli na yote yanasikika kwenye albamu.

Ila mtaa huohuo ndio uliomlea Barbara Jordan, mwanamke mweusi aliyechaguliwa kuingia Bunge la Marekani mwaka 1972 na ambaye sauti yake ilitikisa taifa wakati wa sakata la Watergate. Ndio uliomlea Mickey Leland, aliyerithi kiti hicho, akaongoza kamati ya bunge iliyoshughulikia njaa duniani, na akafa Agosti 1989, mwaka uleule wa albamu, ndege yake ilipoanguka Ethiopia akielekea kwenye kambi ya wakimbizi. Tena ndiko ambako mwaka 1949 Don Robey, mfanyabiashara mweusi, alianzisha lebo ya Peacock, miaka 10 kabla ya Motown kuzaliwa. Peacock ndiyo iliyotoa "Hound Dog" ya Big Mama Thornton kabla Elvis Presley hajaigusa. (Robey alijulikana pia kwa kuweka jina lake la bandia kwenye nyimbo za wengine ili ale mrabaha. Si malaika.) Fifth Ward hiyo ya wabunge na wenye lebo haimo kwenye albamu. Silalamiki. Msanii hana deni la kutuletea mtaa mzima. Lakini kioo kinachochagua cha kuonyesha na cha kuficha si kioo tena. Mtu kachagua.

Na nani alichagua? Hapa watetezi wa uhalisia huwa hawapendi kukaa muda mrefu.

James Smith, ambaye baadaye dunia ilimjua kama J. Prince, alikuwa kijana wa Fifth Ward aliyekuwa akiuza magari yaliyotumika. Akaanzisha lebo, akaunda kundi, akaliita Ghetto Boys (tahajia ya Geto ilikuja baadaye). Albamu yao ya kwanza, Making Trouble, ilitoka 1988, na ukiisikiliza leo unawasikia vijana wa Texas wakijitahidi kufanana na Run-DMC wa New York. Haikuwafikisha mbali. Basi Smith akafanya kile ambacho hapa kwetu tungekiita usajili wa dirisha dogo. Alimleta Willie D, kijana wa Fifth Ward aliyekuwa bondia, sauti yake kama mtu anayekukemea kutoka upande wa pili wa barabara. Alimleta Brad Jordan, aliyekuwa akitumia jina la Akshen, mtoto wa South Acres, kusini kabisa mwa Houston, ambaye kwa sehemu kubwa ya mwaka 1989 alikuwa na miaka 18. Akabaki na DJ Ready Red, fundi wa midundo kutoka Trenton, New Jersey. Na akampandisha cheo mchezaji wao jukwaani, Richard Shaw, mtu mfupi chini ya futi nne, mzaliwa wa Jamaica aliyekulia Brooklyn, New York. Hata jina lake la kazi, Bushwick Bill, ni la mtaa wa Brooklyn.

Hesabu mwenyewe. Hiyo sauti ya Fifth Ward tunayoambiwa ilichotwa mtaani mbichi, mmoja tu kati ya hao wanne ndiye wa Fifth Ward. Waliobaki wamekuja na usafiri wao.

Sisemi hivi ili kuwaumbua. Nawasifu. Sauti iliyotengenezwa na watu wa sehemu nne, ikaaminika kuwa ya mtaa mmoja kwa zaidi ya miaka 30, hiyo ni kazi ya sanaa ya kiwango cha juu. Tazama "Size Ain't Shit". Ni wimbo wa Bill, anatamba juu ya ufupi wake, anawatishia warefu, anajisifu kitandani. Anasema "mimi" mwanzo hadi mwisho. Maneno aliandika Willie D, bondia, mtu wa kimo cha kawaida. Yaani mtu mmoja ameketi na kalamu akajiuliza: ningekuwa mfupi kiasi hiki, dunia nzima ikinicheka, ningetoa sauti gani? Akaiandika, akamkabidhi mwenye mwili, na mwenye mwili akaibeba mpaka ikawa yake. Huo ni mchezo wa kuigiza. Ukiuita kioo umemfuta Willie D kwenye chumba.

Au chukua wimbo "Scarface", uliompa Brad Jordan jina ambalo hakuliacha tena. Ready Red amesuka ndani yake sauti za filamu ya mwaka 1983 ya Brian De Palma, iliyoandikwa na Oliver Stone, ambamo Al Pacino, Mmarekani mwenye asili ya Italia, anaigiza Mkuba anayeuza kokeini Miami. Na filamu yenyewe ni ya kurudiwa. Ya kwanza ilitoka 1932. Kijana mweusi wa Houston anajivika jina la Mkuba wa kuigizwa na Mwitaliano, kutoka filamu iliyorithi filamu nyingine. Kuna vioo vitano hapo, kila kimoja kikitazama kingine, na Fifth Ward haimo katika hata kimoja.

Tuna neno zuri kwa mambo haya, na tumelisoma shuleni kwenye fasihi simulizi, kurasa chache tu kutoka kwenye sentensi ya kioo: majigambo. Anayejigamba anasimama mbele za watu, anajipa sifa za kutisha, anaongeza chumvi mpaka chakula kinawasha, na hadhira inajua. Hakuna aliyewahi kwenda kuhesabu maadui ambao mjigambi anadai kuwaua. Watu weusi wa Marekani wana majigambo yao, mashairi marefu ya vijiweni kama yale ya Stagolee, yenye matusi na mauaji, yaliyokuwapo miongo mingi kabla ya hip hop. Henry Louis Gates, profesa wa fasihi, alisimama mahakamani Florida mwaka 1990 kuwatetea 2 Live Crew kwa hoja ya namna hii, baada ya jaji kutamka kwamba albamu yao As Nasty As They Wanna Be ni chafu kisheria. Hoja yake kwa ufupi: mnasoma kama taarifa ya polisi kitu ambacho wenyewe wanakisikia kama utani uliokuzwa.

Nusu ya njia nakwenda na Gates. Ni hatua kubwa kutoka kwenye kioo, kwa sababu walau inakiri kwamba kuna mtunzi. Lakini mashabiki wengi wakifika hapo wanaweka nanga. Eti ni utani, ni hadithi, ni sinema ya kutisha kwa masikio, basi tusiulize. Kimberlé Crenshaw, mwanasheria mweusi, aliandika mwaka 1991 kuhusu kesi ileile na akakataa kuchagua upande. Alisema mashitaka yalinuka ubaguzi wa rangi, kwa kuwa weupe wengi waliofanya uchafu uleule waliachwa. Na akasema pia kwamba dharau kwa wanawake weusi kwenye nyimbo zile ni ya kweli na haifutwi kwa kuitwa mila au utani. Yote mawili kwa mpigo. Zaidi ya miaka 30 baadaye bado sijasikia kipindi cha redio kwetu kinachoweza kushika mawili hayo pamoja bila moja kuanguka.

Sasa turudi kwenye albamu na tuishike hivyo.

Kati ya nyimbo zote 12, hakuna mwanamke anayepewa ubeti. Wanatajwa kila mahali. Wanatukanwa, wanachekwa, wanalaumiwa kwa kupenda pesa, wanatumika, wanauawa. "Let a Ho Be a Ho" ni wimbo mzima wa kueleza kwamba mwanamke wa namna fulani hana dawa, mwache alivyo. Ni wimbo mvivu. Silaumu matusi, maana matusi yapo albamu nzima na mahali pengine yanafanya kazi nzuri. Uvivu wake uko kwenye kutojua chochote kuhusu mtu unayemzungumzia, na kutotaka kujua. Mwandishi yuleyule aliyeweza kuingia ndani ya mwili wa mtu wa futi tatu na ushei na kutoka na wimbo, alipofika kwa mwanamke aliishia mlangoni. Uwezo alikuwa nao. Hakutaka kuutumia.

Hapo ndipo kioo kinapogeuka kichaka. Ukisema "jamii ndiyo ilivyo," umeokoa uvivu wa mtunzi kwa gharama ya wanawake wa Fifth Ward, ambao nao ni jamii, na ambao hawakuwahi kuulizwa kama ndivyo walivyo.

"Mind of a Lunatic" ni kesi ngumu zaidi na siwezi kuikwepa. Wasanii watatu, beti za watu waliopotewa na akili. Ubeti wa Bill ndio uliotajwa sana: mwanamume anamchungulia mwanamke dirishani, anamvamia, anambaka, anamuua, na hata akishakufa hamwachi. Ninaandika kwa kifupi kwa sababu kifupi kinatosha. Ukiusikiliza kama fundi, umejengwa vizuri. Kasi inapanda, sauti ya Bill nyembamba na kali inakatiza kama wembe, na huna pa kujificha kwa kuwa msimulizi ni "mimi".

Lakini mwanamke aliyemo hana jina, hana neno, hana hata sekunde moja ya kuwa na mawazo yake. Ni samani. Tunapoitetea Rosa Mistika ya Kezilahabi, iliyoondolewa mashuleni kwa kuitwa chafu, hatuitetei kwa sababu wasichana wa Ukerewe "ndivyo walivyo". Tunaitetea kwa sababu Rosa ana kichwa. Anaharibiwa mbele ya macho yetu na tunajua kila hatua anafikiri nini. Kezilahabi ametunga, na katika kutunga amempa anayeumizwa sehemu kubwa kuliko wote. Kwenye "Mind of a Lunatic" anayeumizwa hakupewa kitu, na kichaa mwenyewe naye si mtu kamili; ni zimwi la sinema, limevaa kinyago cha duka la video. Kwa hiyo mimi siulaumu kwa kuwa unatisha. Naulaumu kwa kuwa unatisha kwa rahisi.

Na kabla wale wa upande wa kufungia hawajapiga makofi, nao wana deni lao.

Mwaka 1990 Rick Rubin, aliyeasisi Def Jam na wakati huo akiendesha Def American, aliichukua albamu hii, akazichanganya upya nyimbo 10, akaongeza nyingine 3, akaitoa kwa jina la The Geto Boys. Kampuni ya Geffen ndiyo iliyokuwa isambaze. Ikakataa, maudhui yamezidi. Sawa. Lakini Geffen hiyohiyo, miaka minne kabla, ilikubali kusambaza Reign in Blood ya Slayer, bendi ya metal ya California, baada ya Columbia kuikataa kwa sababu ya wimbo kuhusu Josef Mengele, daktari wa Auschwitz. Geffen hiyohiyo mwaka 1988 ilitoa "One in a Million" ya Guns N' Roses, wimbo unaowatukana watu weusi, mashoga na wahamiaji kwa majina yao ya matusi kabisa. Tumbo la Geffen lilikuwa limeyameza hayo yote. Likaja kuchafuka kwa vijana wanne wa Houston. Crenshaw hakukosea.

Iliposambazwa hatimaye kupitia mkono wa Warner, jalada likabeba tangazo kwamba kampuni yenyewe inapinga udhibiti wa sanaa, ila mtengenezaji na msambazaji wanayaona yaliyomo kuwa ya ukatili, ya kudharau wanawake, ya kibaguzi na yasiyo na staha. Kisha wakaiuza. Ni kama pakiti ya sigara: tunakuonya, na hii hapa bei. Miaka mitano baadaye, 1995, seneta Bob Dole alipokuwa akitafuta urais alilitaja kundi hili kwenye hotuba ya kuishambulia Time Warner. Hata yeye hakuzungumzia maandishi. Kwake Geto Boys walikuwa dalili ya ugonjwa, kama kwa mashabiki walivyo ushahidi wa mtaa. Kioo tena.

Sasa nifike kwenye hoja ambayo kwangu inamaliza ubishi.

Mwaka 1991 Geto Boys walitoa We Can't Be Stopped, na ndani yake wimbo "Mind Playing Tricks on Me". Ulifika nafasi ya 23 kwenye chati kuu ya Billboard, jambo ambalo kundi la rap la kihuni kutoka Texas halikuwa likitarajiwa kulifanya. Mdundo umekaa juu ya gitaa la Isaac Hayes la mwaka 1974, taratibu, la huzuni. Mada? Ileile. Akili iliyopotea. Jina lenyewe linaanza na neno lilelile. Ila sasa mwenye wazimu halengi kisu kwa mwanamke dirishani. Amekaa chumbani hawezi kulala, mishumaa inawaka, anamwona mtu anayemfuata na mtu huyo anafanana na yeye. Anamkumbuka mwanamke aliyempenda akashindwa kumtunza. Mwisho Bill anasimulia usiku wa Halloween, anampiga adui jitu kubwa kwa ngumi, kisha anazinduka na kuona anapiga barabara, mikono inavuja damu. Beti tatu kati ya nne ziliandikwa na Scarface, ukiwemo huo wa Bill.

Scarface ameeleza katika kitabu cha maisha yake, Diary of a Madman cha mwaka 2015, kwamba akiwa kijana mdogo alijaribu kujiua na akalazwa wodi ya wagonjwa wa akili. Maana yake, mwaka 1989 alipochana kwenye "Mind of a Lunatic" alikuwa tayari anaujua wazimu kwa ndani. Maarifa alikuwa nayo. Lakini kwenye wimbo ule alituletea kichaa wa sinema. Miaka miwili baadaye ndipo alipomleta yule aliyemjua. Wasomaji wa Kichwamaji watamtambua mara moja: ni ndugu yake Kazimoto, mtu ambaye adui yake anaishi nyuma ya macho yake mwenyewe.

Kati ya 1989 na 1991 Fifth Ward ilibadilika nini? Hakuna cha maana. Umaskini uleule, barabara zilezile juu ya vichwa, polisi walewale. Kama msanii ni kioo, nyimbo hizi mbili zingepaswa kufanana. Hazifanani hata chembe. Kilichobadilika ni uandishi. Mtu alikaa chini, akaamua hofu iende kwa nani, na safari hii akaiweka kifuani kwa anayeongea.

Najua jibu linalokuja: lakini Bill alipigwa risasi kweli! Ndiyo. Mwaka 1991, kwenye vurugu baina yake na mpenzi wake, bunduki ikafyatuka na akapoteza jicho. Picha yake akiwa hospitali juu ya kitanda cha magurudumu, wenzake wawili pembeni, ndiyo jalada la We Can't Be Stopped. Watu wanaitumia kama muhuri wa uhalisia. Mimi naiona kinyume. Jicho kutoboka ni tukio. Kumleta mpiga picha wodini, kuwapanga watu watatu, kuchagua picha na kuipeleka kiwandani ni uamuzi wa kibiashara na wa kisanii, na walioufanya wana majina. Yule mwanamke tena hayumo kwenye picha.

Kuna heshima moja ambayo albamu ya 1989 inaidai na haijalipwa kikamilifu. Historia ya hip hop inayorudiwa kila siku inasema Kusini mwa Marekani ilipata sauti mwaka 1995, OutKast walipozomewa New York kwenye tuzo za jarida la The Source na André akawajibu palepale ukumbini. Ni tukio zuri, linafaa filamu. Lakini miaka sita kabla, wimbo wa kwanza wa Grip It!, "Do It Like a G.O.", Willie D alishawaambia New York kwamba kila mtu anajua muziki ulianzia kwao, na sasa washushe mabega. Hakuomba nafasi. Hakuwa na mkataba na kampuni kubwa, hakuwa na redio, lebo yake ilikuwa ya mweusi wa mtaa wao, kama Peacock ya Robey ilivyokuwa miaka 40 nyuma. Alikuwa anatangaza kwamba Texas itachana kwa lafudhi yake, kwa majina ya mitaa yake, kwa wazimu wake. Waliofuata Houston, Memphis, New Orleans walipita kwenye mlango huo, na Scarface mwenyewe baadaye akapewa kuongoza tawi la Def Jam la Kusini, ambako Ludacris alitokea. Sifa hiyo nayo inamezwa na kioo: ukiamini walikuwa wanaakisi tu, huwezi kuwaona kama watu waliobuni kitu ambacho hakikuwapo.

Ready Red alifariki 2018, Bushwick Bill akafuata Juni 2019 kwa saratani ya kongosho. Anayetaka kuisikiliza albamu aitafute ile ya 1989, si mchanganyiko wa Rubin, ambao umesafishwa sauti na kupangwa upya kwa masikio ya mtu wa mbali. Aisikilize kwa mfululizo, "Mind of a Lunatic" akiwemo, na siku hiyohiyo aweke "Mind Playing Tricks on Me". Kisha aniambie ni jamii gani ilikuwa imesimama mbele ya kioo wakati Scarface anauandika huo wa pili.